Makosa ya kupiga jembe yanayoumiza mgongo, na namna ya kuyarekebisha

Mvua zikianza Mdandu mwezi wa Novemba, jembe halipumziki. Kuna mahindi, maharage, matuta ya viazi mviringo, halafu palizi. Akina mama wengi hufika Januari wakiamka asubuhi wameshika kiuno, na wanaambiwa ni uchovu wa kazi tu au ni umri. Mara nyingi si umri. Ni namna jembe linavyopigwa, na hilo unaweza kulibadilisha ukiwa na miaka 20 au 50.

Anayejifunza gofu hulipa mwalimu amwonyeshe pa kuweka miguu kabla hajazungusha fimbo. Jembe tulilishika utotoni kwa kumwangalia mama, na kama mama alikosea, tulirithi kosa lake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuinama kwa kukunja kiuno huku magoti yamenyooka kabisa. Ukikaa hivyo, uzito wa kichwa, mikono na jembe unabebwa na misuli midogo ya chini ya mgongo. Misuli mikubwa ya mapaja na makalio, ambayo ndiyo yenye nguvu, inabaki bila kazi. Panua miguu kiasi cha upana wa mabega, mguu mmoja utangulie kidogo, legeza magoti, kisha sukuma makalio nyuma kama mtu anayetaka kukalia kigoda. Mgongo utalala wenyewe bila kupinda.

Ukitaka kuhakikisha, chukua mti mnyoofu, uusimamishe mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Iname taratibu. Ukiona mti umeachia sehemu mojawapo, umepinda mgongo. Rudia mpaka uweze kuinama ukiwa umegusa sehemu zote tatu. Fanya nyumbani jioni, shambani utakuwa na haraka.

Kosa la pili ni kunyanyua jembe juu ya kichwa. Linaonekana ni kujituma, lakini kila pigo linavuta mabega na kukunja kiuno kinyumenyume. Kwenye udongo uliolowa, jembe likifika usawa wa kifua linatosha, maana uzito wa bapa lenyewe ndio unaokata. Mikono inaliongoza tu. Kama haliingii, huenda ni butu. Linoe kwa tupa, au subiri mvua nyingine ilainishe ardhi.

Wengine husimama pamoja na kusokota kiuno ili kufikia udongo wa pembeni. Sogeza miguu badala yake, kidole cha mguu kielekee unakopiga. Na usishike mpini kwa upande mmoja kutwa nzima. Kila unapomaliza tuta, badilisha mkono wa mbele. Siku za kwanza utajiona mzembe, baada ya wiki moja au mbili mwili unazoea.

Angalia na mpini. Ukiusimamisha mbele yako, ufike kitovuni au juu kidogo. Mpini mfupi unakulazimisha kuinama hata ukijua kila kitu kilichoandikwa hapa. Mtoto naye asipewe jembe la baba. Mtafutie jepesi, lenye mpini unaolingana na kimo chake.

Mtoto mchanga mgongoni wakati wa kulima ni jambo la lazima kwa wengi wetu, lakini uzito wake unaongezeka juu ya ule wa jembe. Akilala, mlaze kivulini karibu na mtu wa kumtazama. Ukiwa mjamzito, viungo vya nyonga hulegea, kwa hiyo chagua kazi ya kupanda au kuchambua, si kupasua ardhi. Aliyejifungua kwa upasuaji asishike jembe kwa angalau wiki 6, na asirudi kabla ya kuangaliwa kliniki.

Mgongo ukishauma, usilale kitandani siku nzima. Tembea polepole, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, punguza kazi nzito kwa siku chache. Usinunue diklofenaki dukani kila wiki: huumiza tumbo, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto.

Nenda kituo cha afya kama maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti, au yanakuja pamoja na homa. Nenda pia kama yamekaa wiki kadhaa huku ukikonda na kutoka jasho usiku, kwa sababu kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Mjamzito anayeumwa mgongo kwa kuja na kuondoka, au anayetokwa damu au maji, aende mara moja. Na mtu yeyote ambaye mguu umekosa nguvu, amekufa ganzi sehemu za siri, au ameshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.