Wino wa Kumetameta: Jinsi ya Kuujaribu Kabla ya Kupamba Kadi

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za wino wa kumetameta, ambao watu huutumia kupamba kadi za arusi, za Idi, za Krismasi, na za kuwapongeza wanafunzi waliofaulu. Labda mtu atasema, "Habari za wino ni jambo dogo." Naam, ni dogo, walakini kadi hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na siku moja, na ikiharibika, siku ile hairudi.

Mimi mwenyewe nalijifunza jambo hili kwa hasara. Binti wa shangazi yangu alipoolewa, nilimtengenezea kadi kwa mkono wangu, nikaandika jina lake na la mumewe kwa wino wa rangi ya dhahabu. Nikautazama wino, nikadhani umekauka. Nikaikunja kadi, nikaitia katika bahasha. Ilipofunguliwa mbele ya wazee, jina la bibi arusi lilikuwa limejipiga chapa juu ya jina la bwana arusi, wala hapakuwa na moja lililosomeka. Hapana aliyenilaumu, walakini kadi ile haikutundikwa ukutani pamoja na nyingine. Tangu siku ile siandiki kadi ya mtu kwa wino nisioujaribu.

Kwanza yafaa tujue kwa nini wino huu humeta. Wino wa kawaida wa chupa ni maji yaliyotiwa rangi. Ukiandika, karatasi huyanywa maji, na rangi huingia pamoja nayo. Wino wa kumetameta sivyo ulivyo. Ndani yake mna chembe ndogo sana, bapa kama magamba ya samaki, nazo haziyeyuki. Karatasi hunywa maji, na chembe hubaki juu.

Chembe hizo aghalabu ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya ulanga, lile jiwe la matabaka membamba ambalo katika milima ya Uluguru, nchini Tanzania, lilichimbwa tangu zamani za Wadachi. Kiwandani ulanga husagwa, na kila chembe hupakwa ngozi nyembamba mno ya madini ya titani. Nuru ikipiga hapo, sehemu yake hurudishwa na uso wa juu wa ngozi ile, na sehemu nyingine hurudishwa na uso wa chini. Zikikutana, rangi hutokea, kama tuonavyo mafuta ya taa yakielea juu ya maji. Namna ya pili ni ya plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, kisha ikakatwa vipande vidogo. Hizi hufanya kazi ya kioo: kila moja huirudisha nuru upande wake, ndiyo maana ukiigeuza kadi huona cheche hapa na pale.

Kwa kuwa chembe ni nzito kuliko maji, wino wa chupa ukikaa, chembe hushuka chini. Mtu akichovya brashi bila kuukoroga, atapata maji yenye rangi tu, kisha atasema ameuziwa wino mbaya. Basi igeuze chupa juu chini, polepole, mara nyingi, hata usione tope chini. Usiitikise kwa nguvu, maana povu likiingia huacha matundu katika mstari.

Kalamu za wino mzito zilipata njia nyingine. Mwaka 1984 kampuni ya Sakura, ya mji wa Osaka katika Japani, ilitoa kalamu yenye wino ulio mzito unapotulia, na mwepesi unaposukumwa. Kigololo kilicho nchani kikizunguka, wino hulegea na kutiririka. Ukifika juu ya karatasi, huwa mzito tena. Kwa hiyo wino wa namna hii waweza kuzishika chembe zisizame. Walakini chembe zikijikusanya karibu na kigololo huziba njia; ndiyo sababu yafaa kukifunga kifuniko vizuri na kuiweka kalamu hali imelala.

Sasa tuje kwenye jaribio. Kata vipande vitatu vya karatasi: kimoja cha daftari, kimoja cha karatasi nene isiyong'aa, na kimoja cha karatasi laini yenye kung'aa. Juu ya kila kipande piga mstari, jaza duara ndogo, kisha andika neno moja. Andika kando saa uliyoanza. Baada ya dakika 5 gusa ncha ya mstari kwa kidole. Gusa tena mahali pengine baada ya dakika 30. Na tena siku ya pili.

Utaona tofauti kubwa. Karatasi ya daftari hunywa maji upesi, lakini wino waweza kutambaa pembeni, na chembe huzama katika nyuzi zake, kumeta kukapungua. Karatasi yenye kung'aa huziacha chembe zilale juu, zikameta sana; walakini hainywi maji, na wino hukawia kukauka. Karatasi nene isiyong'aa mara nyingi huwa katikati ya hizo mbili. Na duara hukauka baada ya mstari, maana wino wake ni mwingi. Hapo ndipo nilipokosea mimi: nilitazama mistari myembamba, nikasahau herufi nene.

Kisha fanya jaribio la bahasha. Weka karatasi safi juu ya maandishi yako, weka kitabu kizito juu yake, ukaiache usiku kucha. Asubuhi ifunue. Ikiwa karatasi ile ni safi, kadi yako yaweza kukunjwa. Ikiwa ina alama, ngoja zaidi. Wala usidhani saa za mji mmoja zatosha kwa mji mwingine: pwani, wakati wa masika, wino hukawia kukauka kuliko Dodoma wakati wa kiangazi, kwa kuwa hewa imejaa unyevu.

Jaribu pia karatasi nyeusi, maana chembe za ulanga ambazo juu ya karatasi nyeupe hazionekani sana, juu ya nyeusi hutoa rangi zake zote. Na ukitaka kuandika kwa wino mweusi pamoja na huu, jaribu kwanza kama ule mweusi hutawanyika ukipitiwa na maji.

Neno la mwisho ni juu ya usafi. Chembe za plastiki haziozi. Tarehe 17 Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya ulianza kukataza uuzaji wa chembe za kumeta za plastiki zilizo huru kama unga, kwa sababu huenea katika mito na bahari, wala hazikusanyiki tena. Basi ifute brashi kwa kitambaa kabla ya kuiosha, ukitupe kitambaa penye takataka, wala usimwage maji yake karibu na kisima. Tena usijifikiche macho ukiwa na chembe vidoleni, kwani zaweza kukwaruza jicho.

Vipande vyenu vya jaribio msivitupe. Andikeni nyuma yake aina ya wino, aina ya karatasi, na saa uliochukua kukauka, mkavitunze katika bahasha. Siku ndugu atakapowaambia, "Arusi ni Jumamosi, nataka kadi," hamtakuwa na haja ya kubahatisha.