Mita 60 za ukingo unaohama

Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wa Musoma hupumzika. Giza likirudi, mitumbwi huingia ziwani na taa zake, na kukipambazuka akina mama huwa tayari mwaloni wakianika, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja. Mvua ya ghafla ikiwakuta dagaa hawajakauka, mzigo huoza na mtaji wa mkopo hupotea nao. Kwa mama anayeanika dagaa, habari ya mabadiliko ya tabianchi huanza na wingu la saa nne asubuhi.

Hapo anapoanika pana sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 za ziwa, mto au bwawa. Ni katazo lenye hekima. Matete na majani ya ukingoni huzuia udongo na mbolea visiingie majini, na samaki wachanga hupata humo pa kujificha.

Taabu ni kwamba ziwa halikai mahali pamoja. Mwaka 2006, ukame pamoja na maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, vililishusha Ziwa Victoria hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Mei 2020, baada ya mvua nyingi, likapanda na kuvuka rekodi ya mwaka 1964. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna karibu mita 3. Kwenye mwamba mkali hilo ni jambo dogo. Kwenye ufukwe tambarare unaoinuka mita 1 kwa kila mita 50, mita 3 za kina ni mita 150 za nchi kavu. Kigingi cha mpaka kilichopigwa mwaka wa maji haba hugeuka kuwa cha kufungia mtumbwi.

Je, sheria za tabianchi hubadili chochote? Mwaka 2020, watafiti Shaikh Eskander na Sam Fankhauser walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa nchi 133 kati ya mwaka 1999 na 2016. Waligundua kuwa kila sheria mpya ya tabianchi hupunguza hewa ukaa kwa asilimia 0.78 kwa kila kipimo cha pato la taifa katika miaka 3 ya mwanzo, na asilimia 1.79 baada ya hapo. Nguvu hiyo ilitoka hasa kwenye sheria zilizotungwa na mabunge, na kwenye nchi ambako sheria inaheshimiwa na kufuatwa.

Majirani zetu wameshatunga sheria mahususi za tabianchi, Kenya mwaka 2016 na Uganda mwaka 2021. Tanzania inategemea sheria ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 75 kinampa waziri jukumu la kuchukua hatua kuhusu tabianchi. Kwa hiyo Mto Mara huzaliwa kwenye msitu wa Mau, Kenya, chini ya sheria moja, na kumwaga maji ziwani karibu na Musoma chini ya nyingine.

Lakini utafiti ule ulipima hewa ukaa, na mchango wa Tanzania katika hewa ukaa ya dunia haufiki asilimia 1. Mkulima wa pamba wa Bunda ana swali jingine: ni sheria ipi humfikishia utabiri wa mvua kabla hajapanda, na humsaidia mvua ikikatika shambani mimea ikiwa michanga? Hilo nalo linastahili kupimwa kwa umakini uleule.

Nani alipime? Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Vijana wake wanaweza kutembea mwalo kwa mwalo, kutoka Musoma hadi Ghuba ya Speke, wakiwa na kamba ya kupimia, vipimo vya ziwa vya miaka mingi, na sheria ndogo ambazo halmashauri za vijiji zimeruhusiwa kutunga tangu mwaka 1982. Wajue wapi zinafuatwa, wapi zimelala kabatini, na kwa nini. Kisha waandike kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria zetu.

Heshima ya sheria haijengwi siku mgambo anapokuja kung'oa vichanja. Hujengwa mapema, pale mwanika dagaa anapoonyeshwa mpaka wake, akaelezwa sababu yake, na akapewa pa kuhamia kabla maji hayajafika. Ziwa litaendelea kupanda na kushuka. Sheria yetu ijifunze kutembea nalo, na imshike mkono mama huyu njiani.