Sataranji ya malakiti: tuitunze, tena tuicheze



Mujomba wangu amechonga malakiti hapa Kolwezi miaka mingi. Nilipomaliza masomo ya kemia, nikiwa nyumbani nangojea kazi, alinipa seti ya sataranji, ile ambayo wengi wetu tunaiitaka échecs. Upande mmoja jiwe la kijani, upande mwingine jiwe jeupe. Nikataka ing'ae zaidi. Nikachukua ndimu na kitambaa, nikasugua farasi mmoja. Vikatoka vipovu vidogo. Kufika jioni, farasi alikuwa amefifia. Mujomba akamugeuza mkononi, akaniuliza: «Ulisomaka nini ku inivesite?»

Haya nilivibaya, sababu jibu nililijua. Malakiti ni kaboneti ya shaba. Asidi ya ndimu au ya siki inaila, na vile vipovu ni gesi ya kaboni inayotoka. Basi, usiisafishe kwa ndimu, siki wala dawa kali za usafi.

Tena ni jiwe laini. Kwenye kipimo cha Mohs kinachofika 10, malakiti iko kati ya 3.5 na 4, lakini kwazi iliyo ndani ya mchanga iko 7. Na vumbi la barabara zetu, pale malori ya madini yanapopita, munalijua. Ukipangusa kete yenye vumbi, unaikwaruza. Kwanza ondoa vumbi kwa brashi laini, halafu pitisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uikaushe palepale. Funga kila kete katika kitambaa chake, mbali na moto wa mbabula. Ikivunjika, usiisugue kavu kwa msasa: vumbi la malakiti ni baya kwa mapafu. Mupelekee mchongaji.

Sasa tucheze. Ubao uko na viraba 64. Uuweke ili kiraba cheupe cha pembeni kiwe mkono wako wa kuume. Kila mtu ana kete 16. Mstari wa nyuma, kutoka pembeni kila upande: ngome, farasi, tembo; katikati malkia na mfalme. Malkia anasimama kwenye rangi yake. Mbele yao, askari 8. Weupe wanaanza.

Ngome inaenda wima au mlalo. Tembo anaenda mshazari. Kifaransa kinamwita «fou», kichaa, lakini jina hilo lilitokana na neno la Kiarabu al-fil, maana yake tembo. Malkia ana njia za hao wote wawili. Farasi anaenda viraba viwili, kisha kimoja kwa kukata kona, tena anaruka juu ya wengine. Mfalme ni hatua moja tu, upande wowote. Askari anasonga mbele hatua moja, akianza anaweza mbili, lakini anakula kwa mshazari. Akifika mwisho wa ubao, anageuka malkia au kete nyingine unayotaka, isipokuwa mfalme.

Mfalme haliwi. Akitishwa, umuondoe, au umukinge, au umule anayemutisha. Ukikosa njia zote tatu, ni mati, umeshindwa. Kama hatishwi lakini huna mwendo wowote unaoruhusiwa, ni pati, hakuna mshindi. Sheria zingine chache utazijua ukiendelea.

Usiseme huu ni mchezo wa Wazungu. Amon Simutowe alizaliwa Ndola, kwenye ukanda huu wetu wa shaba, upande wa Zambia. Mwaka 2009 FIDE, shirikisho la dunia la sataranji, ilimupa cheo cha grandimasta. Alikuwa wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara.

Lakini mimi nilichoona nyumbani ni hiki: mujomba alichonga mafarasi miaka yote hiyo, na hakujua farasi anarukaka namna gani. Jiwe ni letu, mikono ni yetu, mchezo tuliwaachia wanunuzi. Nilimufundisha kwa juma mbili. Leo jioni tukicheza, anachagua kijani kila mara, na yule farasi niliyemuharibu ndiye anayemutoa wa kwanza, akiniangalia.

Kama kuna seti kwenye kabati ya kwenu, itoe leo. Pangusa vumbi vizuri, halafu umuite yule aliyeichonga au aliyeinunua, mukae muanze.