Jinsi Tonado Inavyobomoa Nyumba na Kupindua Magari

Bila shaka umewahi kuona kisulisuli kikizungusha vumbi na majani makavu. Tonado nayo ni upepo unaozunguka, lakini hushuka kutoka katika wingu kubwa la radi hadi ardhini. Nguvu zake ni kubwa mno.

Tarehe 22 Mei 2011, tonado iliupiga mji wa Joplin, nchini Marekani. Kasi ya upepo wake ilizidi kilomita 300 kwa saa. Watu zaidi ya 150 walikufa, na maelfu ya nyumba yaliharibika.

Nyumba hubomokaje? Zamani watu walidhani kuwa hewa iliyofungiwa ndani huipasua nyumba, kwa hiyo walifungua madirisha. Walikosea, tena walipoteza muda wa kujiokoa. Upepo huvunja madirisha au mlango, huingia ndani na kulisukuma paa juu. Upepo upitao juu ya paa nao hulivuta. Paa likisha kung'oka, kuta hukosa kitu cha kuzishikilia, nazo huanguka.

Gari je? Upepo huingia chini yake, hulipindua na kulibingirisha. Mbao na mawe yarukayo huvunja vioo vyake. Kwa hiyo gari si mahali pa kujificha. Watu wa huko hukimbilia chumba kilicho chini ya ardhi, au chumba kidogo cha katikati ya nyumba, mbali na madirisha.

Jaribio: Shika ncha ya ukanda mwembamba wa karatasi karibu na mdomo wako. Puliza juu yake. Karatasi inafanya nini? Ilinganishe na paa la nyumba.