Umenaswa na Alcoblow Kenya? Jua haya kabla ya kukiri kosa

Ijumaa usiku umetoka baa, unakutana na kizuizi cha polisi. Unapuliza kifaa, kinaonyesha umepita kipimo. Unalala seli.

Ukifika kortini, wengi watakwambia: "Kiri tu, lipa faini, uende nyumbani." Subiri kwanza.

Adhabu ni gani?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinasema kuendesha gari ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Si lazima gari liwe linatembea. Kujaribu kuliendesha, au kuwa msimamizi wake barabarani ukiwa katika hali hiyo, pia ni kosa.

Wengi husahau leseni. Ukipatikana na hatia, unaweza kuzuiwa kuendesha kwa miezi 12, isipokuwa hakimu awe na sababu maalum za kuamua vingine. Kwa dereva wa matatu au teksi, huo ni mwaka mzima bila kazi. Faini inalipwa siku moja, lakini kazi ikienda imeenda.

Je, kipimo kinatosha kukufunga?

Kanuni za 2011 ziliweka kiwango cha mikrogramu 35 za pombe kwa kila mililita 100 za pumzi. Lakini Aprili 2017, Mahakama ya Rufaa ilisema dereva anafaa kushtakiwa chini ya kifungu cha 44. Hapo upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba hukuweza kudhibiti gari, si kwamba ulikunywa tu.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa wakili ni hili: nimeshtakiwa chini ya kifungu gani, na ushahidi ni upi?

Haki zako kituoni

Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya:

- Kuambiwa kwa nini umekamatwa
- Kunyamaza
- Kuwasiliana na wakili
- Kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wikendi, ni siku ya korti inayofuata, kwa hivyo wa Ijumaa usiku anaweza kungoja hadi Jumatatu
- Kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti nafuu, isipokuwa kuna sababu nzito

Ukilipa dhamana ya pesa taslimu kituoni, dai risiti. Pesa hizo si faini, na risiti ndiyo utakayodaia urudishiwe. Na usijaribu kutoa "kitu kidogo". Hilo ni kosa lingine, kubwa zaidi.

Sina pesa za wakili

Sheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasiojiweza. Mwambie hakimu mapema kwamba unahitaji msaada huo. Unaweza pia kuomba muda wa kutafuta wakili kabla ya kujibu mashtaka.

Jihadhari na mabroka wa nje ya korti. Chama cha Mawakili, LSK, kina orodha mtandaoni ya mawakili walio na leseni ya mwaka huu. Tafuta jina kwanza, pesa baadaye.

Na ukigonga mtu?

Hapo mambo hubadilika kabisa. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 10, na hakuna wakili atakayemrudisha aliyekufa.

Ukishakunywa, acha gari hapo. Ita teksi. Utalichukua asubuhi.