Stendi za spika: zinaongeza sauti kweli, au ni macho tu?

Mimi nauza spika na sabufa hapa Kigoma, wateja wengi wananipata WhatsApp, wa Mwanga, Ujiji mpaka Kibirizi. Swali linalonijia sana: "Kaka, hizo stendi zinaongeza sauti?" Ukijibu ndiyo kwa mazoea, mteja akafika kwake asisikie kitu, anarudisha mzigo na kukusema kwenye magrupu.

Kabla hujaandika tangazo, pima bila kuona. Mwaka 1994 huko Marekani, Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu spika zilezile wakiziona, halafu zikiwa zimefichwa na pazia. Maoni yalibadilika. Wakiona spika kubwa ya gharama, wanaipa alama zaidi. Sasa stendi ya chuma imepigwa rangi nyeusi inang'aa, unadhani mteja atasema nini?

Dukani nafanya hivi. Spika moja, wimbo mmoja, pazia jepesi mbele (kitenge kizito usitumie, kinakula sauti kali). Msaidizi yuko nyuma ya pazia, anarusha sarafu: kichwa stendi, mwenge stuli ya mbao. Kila raundi anainyanyua spika na kuirudisha hata kama habadilishi kitu, maana ukisikia kimya unajua ni ileile. Haongei na msikilizaji kabisa, hata kucheka. Sauti usiiguse, kwa sababu ikizidi kidogo tu sikio linasema hii ndiyo nzuri. Umbali kutoka ukutani upime kwa futi kamba. Spika ikisogea kwenye kona besi inapanda yenyewe, halafu stendi ndiyo inapewa sifa.

Na hapa ndipo wengi wanapopigwa: urefu. Ukilinganisha spika iliyo sakafuni na iliyo juu ya stendi, tofauti utaisikia, kwa sababu kile kispika kidogo cha juu sasa kinakutazama masikioni. Lakini hiyo ni kazi ya kimo, hata tofali zingefanya. Kwa hiyo stuli na stendi ziwe sawa kwa urefu.

Fanya raundi 10, andika majibu. Anayebahatisha tu atapata kama 5. Kupata 7 au zaidi kwa bahati hutokea karibu mara moja katika kila majaribio 6, kwa hiyo rafiki yako akipata 7 usikimbilie kutangaza. Kufikisha 9 au 10 kwa bahati ni kama mara moja kwa 93, hapo sawa, amesikia kitu.

Kwangu sakafuni na stuli tulizitofautisha bila shida. Stuli na stendi ya chuma, tukabaki kubahatisha. Kilichosikika wazi ni kabati lenye vyombo: ukiweka spika juu yake sahani zinalia, ukiitoa zinanyamaza. Chumba chako kinaweza kuwa tofauti, pima mwenyewe.

Video ya kulinganisha kwenye status nayo haithibitishi kitu, simu nyingi zinapandisha na kushusha sauti zenyewe zikirekodi.

Tangazo langu sasa linasema: "Inapandisha spika usawa wa masikio, inaiondoa juu ya kabati, haiyumbi." Stendi bado zinatoka, na anayetaka besi namuuzia sabufa.