Jumba la Tervuren na vitu vya wazee wetu

Wengi wetu hapa Bweremana tuna mtoto, dada au shemeji anayeishi Ubelgiji. Akipiga simu tunaulizana habari za baridi, masomo na pesa. Juma hili tunawaomba mumwulize jambo lingine: je, amekwisha fika Tervuren?

Ni nje kidogo ya Brussels. Tramu namba 44 kutoka Montgomery inafika huko. Ndani ya bustani kubwa liko jumba la mawe lililojengwa kwa amri ya Leopold wa Pili, aliyejifanya mwenye Kongo. Alikufa Desemba 1909, jumba likafunguliwa 1910 bila yeye. Leo ni makumbusho yenye vitu zaidi ya 100,000 vya kuchongwa, kusukwa na kufuliwa, vingi sana vikiwa vya kwetu.

Mgeni apite kwanza kanisani. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Ubelgiji ili watazamwe katika maonyesho. Saba walikufa, wakazikwa Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Picha za kusimama mbele ya jumba zitasubiri.

Halafu atafute vitu vya Walega, majirani zetu wa Shabunda, Pangi na Mwenga. Ni vidogo: vinyago vya kuenea kiganjani, sanamu za pembe ya tembo zinazong'aa kwa kupakwa mafuta na kushikwa miaka mingi. Havikuwa mapambo. Vilikuwa vya Bwami, chama cha mafundisho, ambamo kitu kilionyeshwa pamoja na methali yake na ngoma yake. Sanamu ya vichwa vingi iliitwa Sakimatwematwe. Sikieni humo mutwe ya lugha zetu. Ni mtu anayeona pande zote. Sisi walimu, tunaohangaika na ubao na chaki tu, tungefurahi kuwa na vifaa vya namna hiyo darasani!

Na hili liwafikie waume zetu: katika Bwami mwanaume hakupanda ngazi za juu bila mke aliyeingizwa naye. Ngazi ya juu ya wanawake ni kanyamwa.

Wabelgiji walikataza Bwami mwaka 1933, tena 1948. Sasa sanamu ziko nyuma ya kioo, na kioo hakionyeshi methali.

Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Mwenye mali anakopeshwa mali yake. Mwaka huohuo Ubelgiji ilitunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa isivyo halali wakati wa ukoloni, lakini hatuwezi kudai tusichokijua.

Basi ndugu aliye huko apige picha za vitu vya Wahunde, Wanyanga, Watembo na Walega, pamoja na maandishi yake. Asiende Jumatatu, wanafunga. Picha zikifika, zileteni mkutanoni. Tutaziweka mbele ya wazee, watuambie kila kitu kiliitwaje na nani aliruhusiwa kukishika.